Bibi Ghati Alimpisha Anjelina Njia

Alhamisi, tarehe ishirini na mbili. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kufunga vidole. Mvua haikunyesha, ila migomba na mikahawa ilidondosha maji mpaka saa nne.

Usiku ule wa kuamkia leo nililala na karatasi chini ya mto, na usingizi ulikuja kwa shida. Ndoto nimeiandika asubuhi kabla haijanitoka, haya mengine naandika jioni. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Karatasi yenyewe ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Dada yangu Bhoke alifariki Musoma miezi miwili iliyopita. Ili mahakama ya mwanzo imtambue msimamizi wa mirathi, lazima ukoo ukae kwanza, iandikwe aliyekufa ni nani, ameacha nani na ameacha nini. Kuandika huwa ni kazi yangu. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, na watu wananiamini kwamba siandiki neno ambalo si la kweli. Hata mimi nilikuwa najiamini hivyo mpaka jana.

Jana kaka yangu Marwa alikuja tuandae rasimu, ili leo kikaoni iwe ni kusoma na kutia sahihi tu. Alisimama mlangoni, mikono mgongoni, akawa ananitajia kama mwalimu wa imla.

"Andika: marehemu hakuolewa, hakuacha mtoto. Nyumba yake ya Musoma kwa sasa anakaa mpangaji, naye amepewa mwezi mmoja aondoke."

"Mpangaji yupi?"

"Anjelina."

"Marwa, Anjelina si mpangaji. Wamekaa pale pamoja miaka kumi na minne."

"Basi niambie tuandike nani? Mume? Mke? Halafu hakimu akishasoma, wa kwenda kumtoa mahabusu ni wewe?"

Wote tulijua Bhoke na Anjelina walikuwa nini. Tulijua kama unavyojua jirani anaumwa ugonjwa ambao hautajwi, unapeleka uji na kurudi. Wiki iliyopita redio ilieleza habari za nchi moja ya mbali, wanawake wawili wanakwenda serikalini wanaandikishwa ndoa, wanapewa cheti, na mmoja akifa mwenzake ndiye anayeulizwa wa kwanza. Marwa akaikumbuka hiyo habari, akacheka.

"Huko watu wameshiba mpaka wamekosa la kufanya."

Mama alikuwa anapeta mtama hapo hapo. Hakuinua kichwa. "Mimi nimeolewa na mwanamke," akasema, "na hapa hapakuwa na shibe yoyote. Cheti ndicho sikupewa."

"Ah, mama, hilo lako ni jambo jingine kabisa!"

"Kwani nimesema nini? Nimesema cheti."

Nieleze, maana daftari laweza kuangukia mikononi mwa mtu asiye wa huku. Kwetu Wakurya, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, naye akamzalia watoto wa jina lake. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi Ghati alimwoa mama yetu, Robi, kwa njia hiyo. Baba wa damu tunamfahamu, tunasalimiana naye mnadani, lakini sisi si wake. Mimi ni Nyangi Ghati, kaka yangu ni Marwa Ghati, na shuleni hakuna mwalimu wa huku aliyewahi kushangaa kwamba jina letu la pili ni la mwanamke.

Tena niseme haki. Wapo wazee wanaosema Bibi alioa kwa niaba ya mwana ambaye hakuzaliwa, na kwamba yeye na mama walikuwa mkwe na mkamwana, basi, hapakuwa na zaidi. Naamini ndivyo ilivyokuwa. Bibi mwenyewe akiulizwa alikuwa anajibu, "Ng'ombe wametoka zizini kwangu," na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hiyo Marwa hakukosea kusema la mama ni jambo jingine. Nikaona ana haki, ana watoto, ana nafasi yake kanisani, ana hofu ambayo si ya kubuni. Nikaandika mpangaji. Nikaikunja karatasi, nikalala.

Sasa ndoto.

Nilijiona niko uani kwetu, asubuhi, na Bibi Ghati ameketi kwenye kigoda chake. Beseni la maji lilikuwa miguuni pake na wembe mkononi. Bibi alikufa zamani, mimi nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Ndotoni nililijua hilo vizuri na halikunisumbua. Nililoshangaa ni kwamba alikuwa amevaa koti la mvua la Bhoke, lile la kijani, na lilikuwa linamtosha.

Alikuwa ananyoa. Kwetu siku ya kuanua msiba wafiwa hunyolewa nywele. Anayenyolewa ndiye amefiwa, asiyenyolewa amekuja kuwapa pole wenzake. Alimnyoa mama. Alimnyoa Marwa, na Marwa alikuwa mkubwa kama alivyo leo lakini amekaa magotini pake kama mtoto. Kisha akaniita kwa kidole. Wembe wake ni wa baridi. Nywele zangu zinaanguka ndani ya beseni na hazielei, zinazama chini kama misumari, nasikia zinavyogonga bati.

"Wamekwisha?" ananiuliza.

"Wamekwisha, Bibi."

"Hesabu."

Nahesabu. Mama, Marwa, mimi. Nafungua mdomo kurudia, naacha, kwa sababu nimekumbuka. Nimekumbuka hapo hapo ndotoni jambo la kweli, ambalo tangu msiba sijaliandika humu hata mara moja. Kwenye msiba wa Bhoke mshika wembe nilikuwa mimi. Anjelina alikuja akakaa mwisho wa mkeka, akajifungua kilemba mwenyewe, akakiweka mapajani, akainamisha kichwa. Nilipomfikia watu walikuwa wananitazama. Nikamwambia, "Wewe ni mgeni wetu, dada, pumzika." Nikasuuza wembe. Yeye alikiokota kilemba chake akakifunga taratibu, mikunjo yote, kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

Nikainua macho kwa Bibi. Ng'ombe walikuwa wamekuja kunywa maji ya lile beseni.

Ni wengi, wanaingia langoni wakisukumana, wana vumbi la mbali, na uani pamejaa watu ambao wengi wao siwajui. Wanaume wamekaa na mirija yao kwenye chungu cha pombe. Nyama inachomwa. Wanawake wanapiga vigelegele. Najua hii ni siku gani ingawa nilikuwa sijazaliwa. Ni siku ambayo Bibi anaoa. Amesimama katikati ya uwanja na fimbo, mgongo wima, wazee wa ukoo wanampa mkono mmoja mmoja kama anavyopewa mwanamume, na hakuna anayecheka wala anayenong'ona. Mwanamke anaoa mwanamke mchana kweupe, na ukoo wote unakula.

Nyuma ya nyumba kuna binti amepakwa mafuta, anang'aa, amejikunyata ukutani. Ni mama. Ni mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Analia bila sauti, mabega tu ndiyo yanacheza.

Nikakimbia kwa Bibi. "Bibi, mama analia."

Bibi hakugeuka, alikuwa anapokea mkono wa mzee mwingine.

"Alilia siku tatu," akasema. "Nilimsikia."

Nilipigwa na butwaa. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia Bibi akikiri kitu. Huyu ni yule aliyemrudisha Bhoke kutoka njiani kwenda kanisani kwa sababu ya urefu wa sketi. Nikataka kumuuliza, ulimsikia halafu? Ulimsikia ukafanya nini? Lakini mlango wa zizi ulikuwa umefungwa nyuma yangu, na ulikuwa mweupe, una kioo kidogo, na kulikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

Ni korido ya hospitali. Anjelina amesimama mbele ya meza na kikapu mkononi, thermosi ya uji inachungulia. Nyuma ya meza kuna nesi ameinamia daftari. Hili nalo ni la kweli. Anjelina alinisimulia mwenyewe kwenye simu usiku Bhoke alipolazwa, kwamba aliulizwa wewe nani wake, akasema rafiki, akaambiwa marafiki ni saa kumi, sasa ni ndugu tu, na karatasi ya upasuaji asaini ndugu. Mimi nilifika kesho yake mchana, ndugu, na kalamu. Bhoke alikuwa bado anapumua lakini hakunijua. Sisemi angepona. Daktari alisema hata mapema isingebadilika, na sina sababu ya kumkatalia. Nesi naye alifuata karatasi yake. Nasema tu kwamba usiku ule Bhoke alikuwa na akili zake, na mtu aliyemtaka alikuwa upande wa pili wa ukuta, ameshika thermosi.

Ndotoni nesi anauliza, "Wewe nani wake?"

Anjelina anajibu. Midomo yake inacheza ila neno silisikii.

"Sijasikia. Wewe nani wake?"

Na ile sauti naifahamu. Nesi anainua uso na uso ni wangu. Daftari lililo mezani ni hili hili ninaloandikia sasa, na mwandiko ni wangu, ule ambao kila mtu anausifu. Nimejaza ukurasa mzima. Mpangaji, mpangaji, mpangaji, mstari kwa mstari, herufi zimenyooka vizuri sana.

Nadhani hapo ndipo nilipopiga kelele. Mama anasema alinisikia kutoka chumbani kwake, akafikiri ni fisi kaingia kwa mbuzi. Lakini sikuamka.

Nikawa Musoma, kwenye kiuchochoro kinachoelekea nyumbani kwao. Kuna jua. Bibi ananitangulia, koti la mvua linamgonga magotini, fimbo yake inatoboa mchanga. Nyumba naiona, ile ya tofali za kuchoma ambazo niliwaona kwa macho yangu wakizibeba vichwani, Bhoke mbele, Anjelina nyuma, wakitukanana kwa kicheko. Bhoke alikuwa anamwita Anjelina "punda wangu", naye Anjelina anamwambia, "Punda ana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayempa majani, leo nakula nini?" Sauti zao zipo ndotoni, wenyewe hawapo.

Dirishani nasikia cherehani. Nachungulia. Bhoke amekaa ameupa mlango mgongo, anashona mashati ya shule, miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, na hakuna uzi. Shingo yake ni ile ile. Kovu dogo nyuma ya sikio liko pale pale, lile la kuanguka kwenye mpera.

"Bhoke."

"Ngoja nimalize kola," akasema.

Hivyo tu, kama alivyokuwa akijibu siku zote. Nilitaka ageuke. Nilisimama nikangoja ageuke, na kola haikwisha.

Nikamwambia Bibi, "Ingia basi, ni kwa mjukuu wako." Bibi amesimama nje ya kizingiti na haingii. Mtu ambaye aliingia nyumba yoyote ya kijiji hiki bila hodi, aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa kijiji mwenyewe akiwa amesimama, sasa amesita mlangoni, anavuta nguo kujisitiri.

Kisha Anjelina akatokea upande wa bomba na ndoo ya maji kichwani. Anakuja kwenye njia nyembamba, kulia kuna ukuta, kushoto kuna tuta la mchicha. Na Bibi Ghati akamwona. Aliinama. Alivuta khanga kichwani mpaka ikafunika nusu ya uso, akatoka njiani, akaingia ndani ya lile tuta la mchicha na viatu vyake, akageuza uso pembeni, akasimama hivyo hivyo kama mti mpaka Anjelina alipokwisha kupita na ndoo yake.

Wa huku hahitaji kuelezwa. Baba mkwe na mkamwana hawapishani uso kwa uso njiani, mmoja lazima atoke. Ni heshima ambayo hapewi mgeni. Hapewi rafiki wala mpangaji. Hata jirani wa miaka hamsini hapewi. Anapewa mkwe peke yake. Na Bibi, kwa kuwa ndiye aliyeoa, alikuwa akimpisha mama vivyo hivyo, nimemwona nikiwa mtoto, lakini sikuwahi kumwona akimpisha mwingine duniani.

Nikamuuliza na nilikuwa najua. "Bibi, unampisha nani?"

"Mkwe wangu anapita."

Maji yalikuwa yamemwagika kidogo njiani pale Anjelina alipopita, yanakauka. Bibi bado yuko ndani ya mchicha. Akanitazama, na macho yake hayakuwa makali. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mama yako nilimwoa kwa ajili ya tumbo lake," akasema. "Ukoo ukala nyama, ukaimba. Huyu alimtaka dada yako."

Akangoja. Cherehani nayo ikasimama.

"Ukaandika mpangaji."

Nilitaka kusema ni Marwa. Nilitaka kusema sheria, polisi, kanisa, watoto wa Marwa. Yote yalikuwa ya kweli. Bibi aliunyoosha mkono ndani ya ile mikono mirefu ya koti akanipa wembe, umefungwa kwenye karatasi yake, mpya.

"Kimebaki kichwa kimoja," akasema.

Nikaamka.

Kulikuwa bado na giza kidogo, ukungu umejaa dirishani. Mama alikuwa anawasha moto. Nilikwenda nikakaa karibu naye nikamweleza yote, sikuficha, hata sehemu yake. Alisikiliza akichochea kuni. Nilipofika mwisho hakuuliza habari za Bhoke, wala za Anjelina.

"Alisema alinisikia?"

"Ndiyo, mama. Ila ni ndoto. Huenda nimejitungia mwenyewe, jana tulikuwa tunazungumza habari hizo hizo."

"Tulikaa naye nyumba moja miaka ishirini na mitano," mama akasema. "Hakuwahi kuniambia." Akaipua sufuria ya uji uliotaka kumwagika. "Haya. Hata kama umetunga. Ameniambia."

Kikao kilikuwa saa saba, nyumbani kwa mzee Mwita, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Tulikuwa mzee Mwita, mama, Marwa, mimi na wazee wengine wawili. Nilikuwa nimeshafuta ule mstari na kuandika mwingine, lakini nikaona si haki kubadilisha kimya kimya. Nikasimama.

"Jana niliandika neno ambalo si la kweli. Marwa alilitaja, lakini mkono ni wangu. Nimelifuta, na nalisema mbele yenu asije mtu akasema nilibadilisha kwa siri."

Nikasoma: "Nyumba ya Musoma ilijengwa na watu wawili, marehemu Bhoke na Anjelina. Mwandishi amewaona wote wawili wakibeba tofali. Nusu ya nyumba si ya marehemu, na ukoo hauwezi kurithi kitu cha mtu aliye hai. Anjelina haondoki."

Marwa aliruka kwenye kiti. "Umeota nini wewe?"

"Nimeota, ndiyo."

Wazee wakacheka, na kicheko kilinisaidia. Nikasema na la wembe. Nilisema kwamba Anjelina aliinamisha kichwa na mimi nikamruka, mbele ya watu. Ndoto yenyewe sikuisimulia. Ndoto si ushahidi.

Kicheko kikaisha. Marwa akasema kwa sauti ya chini, na simlaumu, "Mnajua mnachokiandika? Mtu wa nje akisoma akaanza kuuliza, huyu na huyu walikuwa nini? Bhoke alikuwa dada yangu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwenda shule mto ulipojaa. Msinifanye kama nilikuwa simpendi."

"Hakuna aliyesema humpendi," mama akasema.

Mzee Mwita alikuwa anakuna kidevu. "Hayo ya ndani ya nyumba yao mimi sitaki kuyasikia, na wewe Nyangi usiyaandike." Akakuna tena. "Ila mtu amefiwa na hajanyolewa? Ukoo gani huo?"

"Na fungu langu mimi, mama yake, katika ile nusu nyingine," mama akasema, "lisiguswe. Namwachia Anjelina mwenyewe. Nyangi, andika."

Niliandika. Sikuandika mke. Hilo ndilo linalonirudia jioni hii na sijui niliite nini. Hapa kwetu hakuna ofisi ya kuliandika, na ningeliandika ningekuwa nimempeleka Anjelina polisi kwa mwandiko wangu mzuri. Huko redioni walikosema wangempa cheti, angekuwa na haki ya kusaini, ya kukaa kitandani pembeni, ya kuitwa mjane. Hapa nimemwandikia tofali. Labda ni hekima, labda ni woga uleule umevaa nguo safi. Marwa hakutia sahihi. Alisema anakwenda kufikiri, akatoka na kofia ya mzee Mwita badala ya yake. Sahihi zipo tano na nafasi moja tupu.

Tuliporudi nikampigia Anjelina. Nilianza kuzungukazunguka, habari za huko, hali ya hewa, mpaka mama akaninyang'anya simu.

"Haloo, mkwe," akasema.

Nilifikiri mtandao umekata.

"Mkwe, unanisikia? Jumamosi uje. Tunakunyoa."

Simu ya mama huwa na sauti kubwa, nilimsikia Anjelina akivuta pumzi. "Mama, nilishajinyoa. Siku ileile niliporudi. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikajikata na mkasi wa kitambaa."

"Mkasi haunyoi," mama akasema. "Unaacha vishungi. Njoo."

Alilia huko, mama akamwacha alie, akawa anashikilia tu simu sikioni na kutazama nje, hakumwambia nyamaza. Walikaa hivyo mpaka salio likaisha.

Jioni tumekula ugali wa mtama na muhogo, kunde zilizoungwa kwa maziwa, na dagaa wachache. Marwa alikuja tukiwa tumeshaanza. Mama akamsogezea maji ya kunawa. Alikula, akaomba aongezewe kunde, akaongezewa.